Siri ya Nyumba na Ukimya wa Mji: Kwa Nini Riwaya za Mafumbo Zinapendwa

Utangulizi

Wasomaji wa riwaya katika sharika zetu ni wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wao husoma vitabu ambavyo wachungaji hawaulizi habari zake. Miongoni mwa vitabu hivyo zimo riwaya za mafumbo, hasa zile zinazosimulia habari za mji mdogo ambamo mtu ameuawa au ametoweka, akaja mpelelezi, akauliza huku na huku, na mwishowe ikadhihirika kwamba chanzo cha mkasa hakikuwa katika mambo ya jana. Chanzo kilikuwa jambo ambalo nyumba moja ililifukia miaka mingi iliyopita: mtoto aliyekanwa, ndoa iliyofichwa, urithi ulionyang'anywa, ndugu aliyesalitiwa na nduguze. Siku hizi hadithi za namna hii husomwa pia kwa mfululizo katika magazeti na katika simu za mkononi.

Wapo wanaoziona hadithi hizi kuwa upuuzi wa kupoteza wakati, na wapo wanaoziogopa kwa kuwa zinataja uzinzi na mauaji. Makala haya hayakusudii kuzikataza wala kuzitetea kwa jumla. Twataka kuuliza swali moja la uhakiki ambalo ni swali la kichungaji pia: msomaji anavutwa na nini? Tena twauliza tukimfikiria msomaji wa mahali fulani, yaani anayeishi Musoma, Bunda au Butiama, katika Mkoa wa Mara, ambako siri ya nyumba ya jirani si jambo la kukutana nalo kitabuni tu.

Jibu tunalolileta ni hili. Msomaji wa mji mdogo havutwi sana na hamu ya kujua, kwa sababu mara nyingi anajua tayari. Anavutwa na kumwona mtu akithubutu kusema. Riwaya inampa sauti ambayo mji wake haumpi. Hapo ndipo penye nguvu ya riwaya hizi, na hapo ndipo penye hatari yake; na mhudumu wa Neno asiyeitambua nguvu hiyo huenda akaiga hatari hiyo madhabahuni bila kujua.

Namna fumbo linavyopendeza

Katika fasihi ya Kiswahili, aliyeifungua njia hii ni Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo. Katika riwaya ya kwanza mwili wa marehemu unakutwa mahali penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, hakubali. Kwake yeye kifo kina mkono wa binadamu, na mkono huo una sababu. Katika vitabu vya mwandishi huyu fumbo hufunguka mara kwa mara pale nasaba inapofahamika: nani ni mtoto wa nani, nani ni ndugu ya nani, na kwa nini jambo hilo lilifichwa.

Bara ilikuwa na njia yake. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974. Willy Gamba wa Musiba husafiri katika miji mikubwa akipambana na maadui wa taifa. Siri anayoitafuta ni ya dola. Bwana Msa hutafuta siri ya sebuleni. Tofauti hii si ndogo. Adui wa taifa hutoka nje, na akishashindwa msomaji anabaki na amani na watu wake. Siri ya sebuleni imo ndani. Ikifunuliwa, hakuna mpaka wa kuifukuzia.

Wenzetu wa Ulaya waliifikiria habari hii mapema, na inafaa tuwasikilize kwa kuwa waliileta hadi mlangoni pa mchungaji. Agatha Christie wa Uingereza, alipomtoa mpelelezi wake Bibi Marple katika riwaya nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1930, alimweka maiti ndani ya nyumba ya kasisi wa kijiji. Mwaka 1948 mshairi W. H. Auden, aliyekuwa Mkristo wa Kianglikana, aliandika insha mashuhuri akieleza kwamba msomaji wa riwaya hizi ni mtu anayesumbuliwa na hisia ya hatia. Mwanzoni mwa kitabu kijiji kizima kinashukiwa. Mwishoni anapatikana mmoja aliye na hatia, na wengine wote wanatoka wakiwa safi. Msomaji anatoka pamoja nao. Amepewa bustani ya Edeni bila toba. Hoja hii tunaikubali kwa sehemu kubwa, na tutairudia. Lakini Auden alikifikiria kijiji ambacho siri yake haijulikani na wanakijiji wenyewe. Je, vijiji na miji yetu iko hivyo?

Siri isiyojulikana na siri isiyosemwa

Musoma ni mji wa rasi, umezungukwa na maji ya Ziwa Viktoria na miamba yake. Bunda iko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza. Butiama ni kijiji cha milimani ambako Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 na kuzikwa mwaka 1999. Kimekuwa na wilaya yenye jina lake tangu mwaka 2012. Sehemu hizi zina watu wa makabila mengi: Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wajaluo na wengine. Jambo moja linawaunganisha. Mtu hajulikani kwa jina lake tu. Anajulikana kwa ukoo wake, kwa nyumba ya mama yake, na kwa habari ya kuzaliwa kwake.

Hata majina hutunza kumbukumbu. Mwalimu aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua; na baba yake, Mtemi Burito, alijulikana kwa jina la Nyerere, ambalo maana yake ni viwavi walioshambulia mimea wakati wa kuzaliwa kwake. Jina linasema kwamba kulikuwa na jambo. Halielezi. Anayetaka maelezo hana budi kumwendea mzee, na mzee ndiye atakayeamua kama wakati umefika.

Ipo pia desturi ya nyumba ntobhu, iliyo maarufu hasa kwa Wakurya. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume humlipia mahari mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Mwanamume anayewazaa huenda anajulikana na jirani zote, lakini hahesabiwi kuwa baba. Hatuileti desturi hii ili kuihukumu katika makala haya. Twaileta kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo katika nyumba nyingine limejificha: kuna habari ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezitamka, na utulivu wa nyumba umejengwa juu ya kutotamka huko. Aliyeishi karibu na makambi ya wavuvi, ambako wanaume huja kwa msimu na kuondoka, hahitaji mfano mwingine.

Basi ni lazima tutofautishe mambo mawili ambayo lugha yetu huyaita kwa neno moja. Ipo siri isiyojulikana, na ipo siri isiyosemwa. Ya kwanza inahitaji mpelelezi. Ya pili inahitaji mtu jasiri. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini katika mji mdogo kata ni nyingi, na zote zimenyamaza. Mara nyingi asiyejua ni mmoja tu, naye ndiye mwenye jambo lake: mtoto anayeulizwa shuleni jina la baba yake.

Hili si geni katika fasihi ya dunia. Mwaka 1971 Samuel S. Mushi alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Sophocles, akaiita Mfalme Edipode. Wanafunzi wa fasihi huisoma kama hadithi ya upelelezi, kwa kuwa mfalme anamtafuta mwuaji na kumbe mwuaji ni yeye. Lakini tazameni ni wangapi waliojua kabla yake. Mwonaji kipofu anajua, na anakataa kusema mpaka anapokasirishwa. Mtumwa mchunga kondoo anajua, na anaomba asiulizwe. Mkewe, ambaye ni mama yake, anatambua kabla yake na kumsihi aache kutafuta. Thebes ya Edipode inafanana na miji yetu kuliko kijiji cha Bibi Marple. Ukweli wake umewekwa mikononi mwa watu wadogo, mtumwa na kipofu, nao wananyamaza kwa huruma na kwa hofu.

Msomaji wa Bunda anaposoma riwaya ya siri ya nyumba, basi, hafanyi kama Auden alivyodhani. Anasoma habari anayoifahamu. Kinachomburudisha ni ile sura ya mwisho ambapo mtu anawakusanya wote sebuleni, wazee kwa vijana, matajiri kwa maskini, na kusema kwa sauti. Katika maisha yake hajawahi kukiona kikao cha namna hiyo, au amekiona kikivunjika kabla ya neno kutamkwa.

Rosa na Kazimoto: nani anayelipa?

Swali linalofuata ni la uadilifu. Siri ikishasemwa, nani anayelipa gharama? Hapa hatuna budi kuvuka maji. Kutoka Bunda barabara inakwenda Kisorya, na kutoka Kisorya kivuko kinakwenda Ukerewe, kisiwa chenye Wakerewe, Wakara na Wajita wengi, ndugu wa Wajita wa Musoma. Huko Namagondo ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, na huko ndiko alikoiweka riwaya yake Rosa Mistika, iliyochapishwa mwaka uleule wa 1971. Jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria. Kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, kwa kuwa ilisema wazi mambo ambayo watu wazima waliyajua.

Rosa Mistika si riwaya ya upelelezi, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na msomaji wa Mara, nayo inaipima aina nzima ya riwaya tunazozijadili. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Barua moja ya kijana inatosha kumletea kipigo kikali. Akilindwa kwa fimbo asijue lolote juu ya wanaume, anakwenda shuleni bila maarifa, na huko anaangamia hatua kwa hatua. Anaporudi na kupata mchumba, mchumba huyo anamwacha kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Wanaume waliopita katika maisha yake hawaulizwi. Mwili wa mwanamke umekuwa ushahidi. Mwili wa mwanamume hauachi ushahidi wowote.

Katika Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, Kezilahabi alilirudia jambo hili kutoka upande mwingine. Manase, mtu mwenye cheo, anampa mimba Rukia, naye Rukia anafariki. Kaka yake, Kazimoto, anajua aliyefanya hivyo. Hapana fumbo. Kwa kuwa hakuna baraza litakalomwita Manase ajibu, Kazimoto anapanga kisasi chake kwa siri kupitia dada yake Manase. Badala ya kisasi anamwoa, na mwisho wake ni kujiua. Riwaya hii yaonyesha kinachotokea pale ambapo kila mtu anajua na hakuna mahali halali pa kusemea. Ukweli haufi. Unaoza, na harufu yake inawafikia wasiokuwa na kosa.

Tukizilinganisha kazi hizi na riwaya za kawaida za mafumbo, upungufu wa hizo za kawaida unaonekana. Riwaya ya kawaida inadhani kwamba kufunua ndiko kuponya. Sura ya mwisho ikifika, mpelelezi anaondoka na kofia yake, nasi hatuambiwi kesho yake mama yule atakwenda sokoni na uso gani. Kezilahabi anaanzia pale ambapo mpelelezi ameondoka. Tena hakubali kumpa msomaji mkosaji mmoja wa kumtwika yote. Rosa Mistika inaishia kwa baba na binti kusimama mbele za Mungu wakilaumiana, na msomaji analazimika kujiuliza yeye mwenyewe yuko upande gani.

Hatuna budi kumtaja na Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952, kuna siri ya nyumba ambayo haina mfano. Liwali Adili, mtu mwema anayependwa na mji, kila usiku anawachapa manyani wawili katika chumba cha faragha. Mjumbe wa Mfalme Rai anaona, naye anapeleka habari. Kumbe manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtendea vibaya wakageuzwa kuwa wanyama, na Adili amelazimishwa kuwaadhibu. Ni nyumba ngapi zinazoichapa siri yake kila usiku hivyo, huku mchana zikisifiwa? Na hapa mwandishi anatupa mwisho usio wa kawaida. Siri inapofika kwa mwenye mamlaka, tunda lake si aibu wala kunyongwa. Amri inatolewa kwamba kipigo kikome, na hatimaye ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao. Kufunuliwa kumekuwa na faida kwa sababu kumefuatwa na msamaha.

Maandiko na mafumbo ya nyumba

Mtu akidhani kwamba habari za namna hii hazifai kwa watu wa Mungu, na aisome Mwanzo. Wana wa Yakobo walichovya kanzu katika damu ya mbuzi na kumpelekea baba yao aitambue (Mwa. 37), ni ushahidi wa uongo uliotengenezwa kwa ustadi, na nyumba ile ikaishi juu yake miaka mingi. Sura inayofuata inasimulia habari za Tamari, mkwewe Yuda, ambaye alikuwa karibu kuchomwa moto kwa ajili ya mimba yake. Alileta muhuri, kamba na fimbo. Lakini angalieni jinsi alivyofanya: hakumtaja Yuda hadharani. Alivipeleka vitu kwa mwenyewe, akamwachia nafasi ya kutambua na kukiri. Naye Yuda akakiri kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki kuliko yeye.

Katika vitabu vya Apokrifa, ambavyo Luther aliviweka kando ya Maandiko kama vitabu vifaavyo kusomwa, imo hadithi ya Susana. Danieli kijana anawatenga wazee wawili mashahidi na kuwauliza kila mmoja peke yake juu ya mti mmoja, na uongo wao unaonekana. Wahakiki wa Ulaya wameihesabu kuwa miongoni mwa hadithi za kwanza za upelelezi. Kwetu lililo kubwa ni kwamba upelelezi huo ulimwokoa mwanamke aliyeshtakiwa na wakubwa.

Kinyume chake ni nyumba ya Daudi. Amnoni alipomnajisi Tamari dada yake, Absalomu alimwambia dada yake anyamaze, na mfalme baba yao alikasirika lakini hakufanya lolote (2 Sam. 13). Kila mtu jumbani alijua. Tamari alibaki katika ukiwa, na baada ya miaka miwili ukimya ule ulizaa mauaji, kisha uasi. Hakuna riwaya iliyoeleza vizuri zaidi kwamba ukimya wa nyumba si amani.

Na Daudi mwenyewe alihukumiwaje? Nathani hakuwakusanya watu ukumbini. Alimwendea mfalme akamsimulia hadithi ya tajiri, maskini na mwana-kondoo mmoja (2 Sam. 12). Daudi aliifuata hadithi ile kama tunavyozifuata riwaya, akamkasirikia mkosaji, akatoa hukumu. Ndipo akaonyeshwa kwamba mkosaji ni yeye. Hapa tunapata kipimo cha uhakiki wa Kikristo kwa riwaya zote za siri. Kitabu kinachomwacha msomaji akifurahi kwamba mkosaji ni mwingine ndicho alichokieleza Auden. Kitabu kinachomfanya msomaji ajione amesimama mahali pa Daudi kinafanya kazi ya Nathani, hata kama mwandishi wake hakukusudia.

Mambo yatupasayo

Kutokana na hayo tunaona mambo matatu yanayowahusu wachungaji na wale wanaojiandaa kwa huduma.

La kwanza ni nidhamu ya Kanisa. Imekuwa desturi katika sharika nyingi kwamba binti aliyepata mimba nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, kisha husimama mbele ya usharika ili arudishwe kundini. Mwanamume aliyeshirikiana naye huenda ameketi kwaya siku hiyohiyo. Hiyo ni sura ya mwisho ya riwaya mbaya: mkosaji mmoja amepatikana, na usharika mzima unakwenda nyumbani ukiwa safi. Serikali ya Tanzania iliruhusu mwezi Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ajili ya ujauzito warudi shuleni. Haitakuwa sifa kwetu ikiwa mlango wa darasa utakuwa mpana kuliko mlango wa kanisa.

La pili ni mimbari. Mhubiri anayependa kufunua mambo ya nyumba za watu kwa mafumbo, hata watu wakageuka kutazamana, anaweza kujiona nabii. Usharika utamsikiliza kwa utulivu mkubwa, na asidhani kwamba utulivu huo ni toba. Ni utulivu uleule wa msomaji aliyefika sura ya mwisho. Bwana wetu aliweka utaratibu ulio kinyume kabisa na ule wa mpelelezi: kwanza wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, na mwisho kanisa (Mt. 18:15–17). Mpelelezi anaanzia peke yake na kuhitimisha mbele ya wote kwa sababu ukweli kwake ni ushindi. Kwa mchungaji ukweli una mwenyewe. Habari ya baba yake ni mali ya mtoto kabla ya kuwa mali ya mtaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambulia mtoto haki ya kuwajua wazazi wake, na siku hizi vipimo vya vinasaba vinaweza kuthibitisha yaliyokuwa yakinong'onwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba ukimya uendelee. Twasema kwamba ukweli upelekwe kwa anayeudai, na asiyeudai asifanyiwe tamasha. Hata matangazo ya ndoa ya Jumapili tatu, ambapo usharika huulizwa kama yuko anayejua kizuizi, yangefaa yatanguliwe na mazungumzo ya faragha yenye subira, ili pasiwe na binti atakayeisikia nasaba yake kwa mara ya kwanza kutoka katika benchi la nyuma.

La tatu ni maungamo ya faragha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linafundisha kwamba ondoleo la faragha lidumishwe katika makanisa, lakini si lazima kuorodhesha dhambi zote. Riwaya ya mafumbo haiwezi kuisha bila orodha. Kila saa, kila nyayo, kila uongo ni lazima utajwe. Mpelelezi anahitaji habari kamili ili apate kuhukumu. Anayesikiliza maungamo hahitaji habari kamili, kwa kuwa hakutumwa kuhukumu. Ametumwa kutamka msamaha na kufunga kinywa chake. Twaogopa kwamba huduma hii imesahauliwa katika sharika nyingi, na watu waliobeba mambo ya nyumba zao hawana pa kuyasemea ila kwa mganga, au kilabuni, au katika kurasa za riwaya. Kazimoto hakuwa na mchungaji wa kumwendea. Swali ni kama angekuwa naye leo, Bunda au Musoma, angethubutu kumwendea.

Hitimisho

Riwaya za siri za nyumba zinapendwa kwa sababu zinatamka. Kwa hilo zina haki ya kuheshimiwa, na mwanafunzi wa theolojia atajifunza kwa Bwana Msa kwamba mizimu isisingiziwe matendo ya watu, na kwa Kezilahabi kwamba anayelipa gharama ya siri mara nyingi ni asiyeianzisha. Kasoro yake ni kudhani kwamba neno likishatamkwa mbele ya wote kazi imekwisha.

Injili ya Mathayo, ambayo Mwalimu Nyerere aliitungia tenzi pamoja na Injili nyingine, kazi iliyotoka mwaka 1996, inaanza na nasaba. Katika nasaba hiyo wametajwa Tamari, Rahabu na Ruthu, na alipofika kwa mama yake Sulemani mwinjilisti hakumtaja kwa jina, bali alimwita mke wa Uria (Mt. 1:3–6). Jina la aliyedhulumiwa limehifadhiwa katika ukoo wa mfalme aliyemdhulumu. Wazee wa Butiama, wanaojua thamani ya nasaba na jinsi inavyosafishwa, wataelewa uzito wa jambo hilo kuliko wengi. Ukoo huo haukufukia siri yake, wala haukumtafuta mmoja wa kumtwika aibu ili wengine waonekane safi. Uliitaja, ukaendelea, mpaka ukamfikia yule atakayewaokoa watu wake na dhambi zao.